MJADALA: Kozi ya ufinyanzi Mbeya ianze na gurudumu la umeme au na mikono mitupu?

Uyole Baridi: Wadau, habari za jioni. Mitaala iliyoanza 2024 imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, na huku kwetu wapo wanaotaka ufinyanzi ufundishwe kama sanaa. Swali: kijana aanze na gurudumu la umeme, joko (tanuri) la umeme na glezi, ile rangi inayoyeyuka na kuwa kama kioo juu ya chombo, au aanze kama Wakisi wa Ikombe, wafinyanzi wa kando ya Ziwa Nyasa, yaani kamba za udongo, kokoto ya kung'arishia na moto wa wazi? Mimi nasema gurudumu. Atoke na vikombe na sahani hoteli zinunue. Vyungu vya Ikombe vinapendeza kwenye picha, ila tusidanganyane, vinavuja.

BintiMatema: Vinavuja! Kaka Uyole, mtungi una vitundu kwa makusudi. Maji yanapenya kidogo, yanakauka kwa nje, yanaondoka na joto, ndiyo maana yaliyobaki ndani ni ya baridi. Ziba vitundu hivyo, umebaki na ndoo nzito. Cha kupikia nacho kina dawa yake kabla ya kazi: uji mzito wa unga, moto mdogo, wanga uingie kwenye vitundu, kisha kipoe na uji wake humo humo. Watu wanabeba chungu kutoka soko la Matema Jumamosi, Jumapili wanakipa moto mkali kikiwa kitupu, wanamimina maji ya baridi, kinapasuka. Halafu kosa la mfinyanzi.

Fundi Joko: Dada Matema, uji hautibu bakuli la mchuzi la hotelini. Bakuli lisilo na glezi linanyonya mafuta, baada ya muda linanuka hata ulioshe vipi. Na glezi za kawaida za madukani zinataka nyuzi 1000 hadi 1060 hivi. Moto wa wazi ukienda vizuri unagusa 700, 800, ukibahatika 900. Glezi inabaki unga mweupe uliogandia chungu. Kwa hiyo joko. Dogo la kilowati 6, kwa muda wa saa nane, halivuti muda wote, weka yuniti 30 na kitu.

Soweto Juu: LUKU ikikata kwenye nyuzi 600 mwalimu atamalizia na uji wa Binti.

Fundi Joko: Umeme ukikatika unaacha mlango umefungwa, joko linapoa lenyewe, unachoma upya kesho. Anayepoteza vyombo ni yule anayefungua kuchungulia. Karibu na 573, kama sikosei, chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa kwa ghafla. Upepo ukiingia hapo sahani inapasuka kwa mlio.

Uyole Baridi: Ndiyo maana yangu. Haya mambo yanataka elimu. Bibi kijijini anafanya kwa mazoea, hajui kwa nini.

Mzee wa Gae: Uyole, mdogo wangu, hapo umevuka mpaka. Hajui kwa nini? Nenda kamtazame. Anabana udongo, anavingirisha kamba nene kama penseli, anaizungusha kidoleni. Ikipasuka, udongo hauna mnato, hauchukui. Ikizunguka bila ufa anaukubali, anaukanda, na akiona una mnato kupita kiasi anauongezea mchanga au vigae vilivyopondwa, robo hivi ya ujazo. Zile chenga ndizo zinazofanya chungu kivumilie mafiga: zinaacha nafasi ya udongo kutanuka, na ufa mdogo ukianza unakwama kwenye chenga hauendelei. Udongo laini wa gurudumu uliochujwa mpaka umekuwa losheni, uuweke kwenye jiko la mkaa uone.

Na kabla ya kuchoma anakigusisha shavuni. Kikiwa cha baridi, maji bado yamo. Kinainamishwa pembeni ya moto mpaka kipashe, maana maji yaliyobaki yakigeuka mvuke ndani ya ukuta yanaufyatua. Hakuna kipimajoto, lakini kwa nini yake anaijua vizuri sana.

Kihesa kwa Juu: Kamweneni. Mzee ana haki, ila msilifanye gurudumu adui. Shida yake kwa wanaoanza ni kwamba wiki kadhaa zinaishia kwenye jambo moja, kukaza donge katikati, na wengi wanakata tamaa kabla ya kufinyanga chochote. Kisha kitako. Wanavuta kuta juu wakisahau kukandamiza kitako kwa kidole au sponji kutoka ukingoni kuja katikati, kikikauka kinatoa ufa wenye umbo la S. Hapa Iringa ongeza upepo: mdomo unakauka leo, kitako keshokutwa, sehemu moja imesinyaa nyingine haijasinyaa, mpasuko. Funika mdomo kwa nailoni, ukishakaza geuza chombo kifudifudi. Kwa kamba za udongo mwanafunzi anajifunza kukausha mapema, kwa sababu lazima asubiri chini pakaze ndipo aongeze juu.

Jambo jingine, fagio kavu marufuku karakana. Vumbi la udongo linaharibu mapafu, futeni kwa maji.

Uyole Baridi: Sikumtukana bibi yeyote, Mzee. Nimesema mazoea. Mbona mazoea si tusi.

BintiMatema: Umesema hajui kwa nini. Tumesoma wote.

Mpunga wa Kyela: Mnapigana na bibi wakati swali ni kuni. Moto wa wazi unakula kuni na majani kwa mafungu, na joto kubwa linaishia hewani. Darasa la vijana 30 wakichoma kila mwezi, ile miteremko ya milima ya Livingstone itabaki mawe. Kyela pumba za mpunga zimejaa mashineni. Kwa nini kozi isichome kwa pumba?

Fundi Joko: Pumba zinafukiza, hazina ndimi. Ukifukia chungu ndani yake bila njia ya hewa kinatoka cheusi, na joto halipandi. Tengeneza joko la matofali lenye tundu chini na dohani, pumba zidondoke kidogo kidogo.

Mpunga wa Kyela: Cheusi kuna ubaya gani? Si mnasema sanaa?

Soweto Juu: Mimi nataka kujua maharage. Watu wanasema chungu kinaivisha haraka. Mbeya mjini ni mita kama 1700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Chungu kinaongeza nyuzi?

Kihesa kwa Juu: Hakiongezi hata moja. Kinakawia kupata moto, kikishapata hakipoi haraka, kwa hiyo unapunguza mkaa. Kwa haraka, sufuria yenye mfuniko mzito inakishinda.

BintiMatema: Kwa ladha?

Kihesa kwa Juu: Ladha sina mizani yake, dada.

Mzee wa Gae: Fundi Joko, wewe unayeuza habari ya glezi, wanafunzi umewaambia kuhusu risasi? Glezi yenye risasi huyeyuka kwa moto mdogo na kung'aa sana, ndiyo maana inavutia. Weka humo kachumbari ya ndimu, au togwa ilale usiku, sumu inatoka polepole. Uji haujawahi kumtia mtu sumu.

Fundi Joko: Nani ametaja risasi? Glezi zisizo na risasi zipo, unasoma pakiti, na ndani ya chombo cha chakula hupaki rangi usiyoijua. Kila nikisema joko mnanirudisha kwenye uji.

Uyole Baridi: Mada ilikuwa kozi jamani.

Kihesa kwa Juu: Kozi ianze na kipimo cha kusinyaa. Kila mwanafunzi alete udongo wa kwao, atengeneze vipande vitano, achore mstari wa sentimita 10 juu ya kila kimoja, akaushe, achome, apime. Mstari ukirudi 9, udongo umesinyaa asilimia 10, anajua kikombe akikate kikubwa kiasi gani. Aangalie pia chembe nyeupe za chokaa: zikishachomwa zinavuta unyevu wa hewa, zinavimba, siku chache baadaye zinarusha kigamba kutoka kwenye chombo kizima. Udongo wa hivyo uachwe huko huko bondeni.

BintiMatema: Na moto?

Kihesa kwa Juu: Vipande vitano, vitatu kwa Fundi, viwili kwako.

Fundi Joko: Vyangu visipakwe uji.