Nimeachiwa santuri tano za Dr. Feelgood na mjomba baharia: nizisikilizeje, au niuze?

Mtoto wa Ngamiani

Wakuu, kwema?

Leo sina habari ya mapenzi wala mkopo, kwa hiyo mtanivumilia. Mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo miaka ya sabini. Sasa ni mzee, masikio mazito, na mwezi uliopita amehamia Muheza kwa binti yake. Kabla hajaondoka hapa Tanga akanikabidhi boksi la santuri. Nyingi zimepinda kwa joto, ila tano ziko salama, na zote ni za bendi moja ya Waingereza, Dr. Feelgood: Down by the Jetty na Malpractice za 1975, Stupidity ya 1976, Be Seeing You ya 1977 na Private Practice ya 1978. Nyuma ya jalada la ile ya kwanza kaandika kwa kalamu ya wino: "Tilbury".

Nilinunua mashine ya santuri ya mtumba, ile ya mkoba, nikaiunganisha na spika mbili za redio. Sindano ikawa inaruka, nikaweka sarafu ya shilingi mia juu ya mkono wake, ikatulia. Tatizo ni kwamba Down by the Jetty inatoa sauti ileile kulia na kushoto, hakuna tofauti hata chembe. Nikiweka Private Practice nasikia vyombo vimetawanyika, kila kimoja na upande wake. Nimeipeleka kwa fundi, akasema chaneli moja imekufa, akabadilisha waya, akachukua elfu thelathini. Nimerudi nyumbani, hali ni ileile.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Nimezisikiliza zote kwa kufuata miaka, mara mbili. Hizo mbili za mwanzo zimenishinda. Kavu. Gitaa halipandi popote, linakatakata tu kama mtu anakatia vitunguu kwenye ubao. Private Practice ndiyo naielewa, lakini mjomba anasema hiyo aliinunua kwa mazoea tu, mapenzi yake yalikuwa kwenye zile za mwanzo. Nani kapotea hapa, mimi au yeye?

Kuna jamaa yuko Dar kaniahidi laki mbili kwa zote tano. Nawasilisha.

Chapa Ng'ombe

Laki mbili kwa vitu usivyovielewa, na bado unauliza? Chukua hela mkuu.

Sindano Butu

Mleta uzi, kabla hujasoma neno jingine, nenda ukatoe hiyo sarafu. Toa sasa hivi, mimi nasubiri.

Umetoa? Haya. Mkono wa mashine nzuri unabonyeza santuri kwa uzito wa kama gramu mbili hivi. Hizo za mkoba tayari ni nzito kuliko inavyotakiwa, halafu wewe ukaongeza chuma juu. Kila ukicheza, sindano inalima. Sindano inayoruka imechakaa, au santuri ni chafu, au mashine haijakaa sawa mezani. Sarafu haitibu hata kimoja kati ya hivyo, inakuficha ugonjwa tu.

Na chaneli yako haijafa. Down by the Jetty ni mono, yaani spika zote mbili zinatoa sauti moja, si stirio inayogawa vyombo kulia na kushoto! Ilitoka Januari 1975, wakati dunia nzima imeshahamia stirio, wao wakaitoa kwa mono. Wapo waliodhani ni mbwembwe za kujifanya wakongwe. Lakini sikiliza: watu wanne wamesimama chumba kimoja wanapiga kwa pamoja, na Vic Maile aliyewarekodi hakuwapakia madoido juu yake. Sauti ile ile kulia na kushoto ndiyo santuri yenyewe. Elfu thelathini yako imelipia ugonjwa ambao haukuwepo, pole sana.

Kuhusu usafi, Tanga kuna unyevu na chumvi hewani, nina hakika hizo santuri zina ukungu. Nunua maji ya betri ya chupa, yale yaliyosafishwa, na usome lebo vizuri usije ukabeba asidi. Tia tone moja la sabuni ya maji, kitambaa laini, futa kwa kufuata mzunguko wa mistari, usikate kati. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, zisimamishe zikauke kivulini. Na uzihifadhi zikiwa zimesimama. Ukizilaza moja juu ya nyingine zitapinda kama zile nyingine za mjomba.

Kijana wa Juzi

Dr. Feelgood si ile ya Mötley Crüe ya 1989?

Sindano Butu

Hiyo ni albamu ya watu wengine kabisa, Wamarekani wenye nywele za kupuliza. Hawa jina wamelitoa kwa Piano Red, mpiga piano mweusi wa Marekani aliyejiita Dr. Feelgood tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini. Usituchanganyie uzi.

Bibi wa Dansi

Mwanangu wa Ngamiani, mimi nina miaka 61 na nimekulia nyumba inayopakana na ukumbi wa dansi, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha ya nyumbani.

Sisi tumezoea magitaa yanayogawana kazi. Chukua Jamhuri Jazz au Atomic, bendi za hukohuko Tanga. Ridhimu anatandika mkeka, solo anakuja kucheza juu yake. Ukishazoea hivyo, sikio linakaa linamngoja solo. Sasa kwenye hizo albamu za mwanzo unamngoja mtu asiyekuja, ndiyo maana unaona kavu. Mpiga gitaa wao, Wilko Johnson, ni solo na ridhimu ndani ya mkono mmoja. Hatumii kipande cha plastiki kupigia, anapiga kwa vidole vitupu, na kati ya mkato na mkato anachomeka vijisauti vya solo bila kuiacha ridhimu ianguke. Ufundi huo aliutamani kwa Mick Green, mpiga gitaa wa bendi ya Johnny Kidd and the Pirates. Hebu jaribu kugonga meza kwa mkono wa kulia mfululizo, huku unaimba kitu kingine kabisa. Ukiweza dakika tatu uniambie.

Halafu umeanza na mlango wa nyuma. Usianze na Down by the Jetty, anza na Stupidity. Hiyo imerekodiwa jukwaani mwaka 1975, upande mmoja Sheffield, upande wa pili Southend, karibu na kwao. Hapo utasikia watu wanapiga kelele kwa sababu ya hicho unachokiita kukata vitunguu. Ilishika namba moja Uingereza mwaka 1976, albamu ya jukwaani, R&B ya zamani iliyozaliwa na bluzi za Wamarekani weusi, haina wimbo mmoja wa kubembeleza. Ukimaliza Stupidity ndipo urudi kwa zile mbili. Safari ya kwanza mfuate John B. Sparks kwenye besi na The Big Figure kwenye ngoma. Gitaa liache. Safari ya pili mfuate Wilko. Ya tatu msikilize Lee Brilleaux, ile sauti ya mtu aliyegombana na mwenye nyumba asubuhi, na harmonika yake.

Kusikiliza mara mbili si kusikiliza, mwanangu. Umepita tu mlangoni.

Mwana Kigamboni

Natia nanga hapa. Bibi endelea.

Wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Nampa heko bibi, lakini naona mleta uzi anafanywa kama hana masikio. Private Practice ni albamu nzuri, basi!

Wilko aliondoka 1977 wakati wanatengeneza albamu ya Sneakin' Suspicion, ambayo mjomba wako hana. Walizozana juu ya wimbo mmoja ambao si wake. Watu wengi hapo wanafunga kitabu. Mimi sifungi. Akaingia Gypie Mayo kwenye gitaa, Nick Lowe akasimamia kurekodiwa kwa Be Seeing You, na mwanzoni mwa 1979 wimbo wao wa Milk and Alcohol, uliomo humo kwenye Private Practice, ukaingia kumi bora Uingereza. Wilko akiwemo hawakupata wimbo mmoja uliofika juu namna hiyo.

Sisi pwani haya tunayajua. Simba Wanyika ilipopasuka 1978 na kina Omar Shabani wakaenda kuunda Les Wanyika, nani anaweza kusimama leo aseme muziki ulikufa siku ile? Mtu akiondoka, nyumba hujengwa upya, na pengine ikawa na madirisha makubwa zaidi.

Sindano Butu

Mfano wako mzuri ila umeugeuza kichwa chini. Kina Shabani waliondoka na mtindo wao wakaufungulia nyumba mpya yenye jina jipya. Huku jina lilibaki, mtindo ndio uliotoka mlangoni. Gypie ni mpiga gitaa mzuri mno, tena ana solo ndefu na tamu, na hilo ndilo linalomfanya mleta uzi aelewe Private Practice haraka. Amekuta solo aliyekuwa anamngoja. Jina la Dr. Feelgood lipo linapiga mpaka leo, na hakuna mwanzilishi hata mmoja ndani.

Wa Likoni

Lee Brilleaux alikuwamo mpaka alipofariki 1994. Sauti ni ileile. Wewe unasikiliza magitaa tu, watu wanasikiliza nyimbo.

Bibi wa Dansi

Nyie wawili mkimaliza mniambie, nina chai jikoni.

Mbeba Boksi wa Essex

Nimechelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Wakuu, mimi naishi Southend, na hawa jamaa ni wa kisiwa cha Canvey, hapo jirani, kwenye mdomo wa mto Thames. Nilikwenda mara ya kwanza kwa ajili ya kazi tu, sikujua lolote.

Ukifika, kitu cha kwanza ni ukuta wa zege unaozunguka kisiwa. Ukisimama barabarani, bahari huioni, unaona ukuta. Panda ngazi, ndipo unagundua kwamba maji yakijaa yanakuwa juu kuliko ardhi ya nyumba ulizoziacha nyuma yako. Usiku mmoja wa mwaka 1953 maji yalivunja kingo za wakati huo yakaua zaidi ya watu hamsini hapo kisiwani. Wilko alizaliwa hapohapo 1947, kwa hiyo alikuwa mtoto. Baadaye akasoma chuo kikuu, akawa mwalimu wa Kiingereza, kisha akaacha chaki akashika gitaa la Telecaster.

Kandokando ya mto kulikuwa na viwanda vya kusafisha mafuta, na minara yake iliwaka moto usiku kucha. Kile cha Coryton kimefungwa 2012. Sasa mleta uzi, geuza Down by the Jetty upande wa pili, tafuta wimbo unaoitwa All Through the City. Maneno ya Wilko yanasimulia minara inayowaka alfajiri. Hakubuni Mississippi, nyumbani kwa bluzi, alitazama alichokiona toka ukutani. Na mjomba wako kama meli yake ilifunga bandari ya Tilbury, lazima ilipita mbele ya kisiwa hicho, kwa sababu Tilbury iko ndani zaidi ya mto. Muulize kama anaikumbuka mioto.

Nyongeza kidogo. Mwaka 2013 Wilko alitangaza ana saratani ya kongosho na madaktari wamempa miezi kumi. Akakataa tiba ya kemikali, akaamua kupiga muziki. Akarekodi na Roger Daltrey, mwimbaji wa bendi ya The Who, albamu ya Going Back Home, ikatoka 2014, mwaka ambao, baada ya daktari mmoja kumtazama upya, walimpasua wakatoa uvimbe wa kilo tatu. Akaishi mpaka Novemba 2022. Hiyo albamu isikilize mwisho, baada ya zote. Usiichanganye na hizi.

Na laki mbili usipokee. Sizungumzii bei ya soko, nazungumzia hilo neno "Tilbury" lililoandikwa kwa mkono.

Chapa Ng'ombe

Neno Tilbury halilipi umeme.

Mtoto wa Ngamiani

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Sarafu nimeitoa, nimenunua sindano mpya kwa elfu ishirini na tano. Maji ya betri nimetumia, maji yaliyotoka kwenye Malpractice yalikuwa kama chai ya rangi.

Nimefanya alivyoelekeza bibi. Stupidity kwanza. Siku ya tatu nikajikuta nagonga usukani wa bajaji yangu pale taa za barabarani, abiria akaniuliza kama kuna tatizo. Kumfuata Wilko peke yake bado kunanichosha, dakika kumi tu kichwa kinaniuma, ila sasa nasikia ule mkono. Kwenye nyimbo mbili hivi za Malpractice nimesikia kabisa solo akichungulia katikati ya ridhimu halafu anarudi ndani. Private Practice bado naipenda, Wa Likoni usiwe na wasiwasi.

Jumapili nilibeba mashine mpaka Muheza. Nikaweka All Through the City, sauti mpaka mwisho, spika moja nimeiweka kwenye stuli karibu na sikio lake la kulia maana ndilo linalosikia. Mjomba akatulia. Nikamuuliza kwa sauti kubwa, ulinunua hii kwa sababu ya ile mioto ya mtoni? Akanitazama kama mtoto asiyejua kitu. Akasema aliinunua kwa sababu dukani kulikuwa na mvua na baridi, hakutaka kutoka nje, na mwenye duka alianza kumkazia macho. Akachukua ya karibu, yenye picha ya wanaume wanne nyuso zimekunjwa na upepo, akaona hawa nao wanasikia baridi kama yeye.

Wimbo ulipoisha nikainua mkono wa mashine nikaanza kufunga mkoba. Akaniuliza naenda wapi na mali yake.

Kwa hiyo jamaa wa Dar nimeshamwambia hakuna biashara. Mashine imebaki Muheza. Anayejua mahali pa kupata nyingine ya mtumba hapa Tanga, isiwe ya mkoba, anicheki inbox.