Unga chini ya boriti, Mji wa Kale wa Mombasa: ni mchwa gani huyu?

Mkaazi_Kibokoni: Assalaam alaikum. Dari ya chumba cha juu ni ya boriti za mkoko. Kila asubuhi nakuta unga sakafuni, nafagia, kesho upo tena. Nataka jina la dawa kali ya mchwa, ya kumwaga. Tafadhali, mambo ni ya haraka.

Seremala_Kuze: Wa alaikum salaam. Huo unga uutambue kwanza. Usugue kwa vidole. Ukiwa laini kama unga wa ngano, ni mdudu mtoboaji, na boriti itakuwa na matundu ya mviringo ya milimita 1 hadi 2. Zikiwa punje ngumu zinazobiringika kama mchanga, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Mchwa wa ardhini haachi unga. Yeye hujenga vijia vya udongo ukutani, unene wa penseli.

Mama_Tudor: Paka vanishi. Milango ya mvule hupakwa vanishi na haiguswi.

Seremala_Kuze: Mvule hujilinda wenyewe, mama. Vanishi humzuia mtoboaji kutaga mayai kwenye mbao. Aliyekwisha kuingia anaendelea kula.

Makadara_1: Watu wanapaka chokaa mbele, wageni wapige picha, boriti hazitazamwi miaka na miaka. Nyumba ya wazee ni amana.

Mkaazi_Kibokoni: Ni punje. Na dirishani nimeokota mbawa. Dawa gani sasa?

ChokaaNaBoriti: Mbona mbio hivyo? Umeshapata fundi? Atamwaga wapi?

Mkaazi_Kibokoni: Nishampa Sh15,000, nusu ya malipo. Jumamosi anatoboa sakafu ya chini kando ya kuta, amimine dawa. Majirani amewafanyia na wameridhika. Nyumba ni moja, nadhani dawa itapanda. Uani kuna kisima, lakini ni cha kuoshea na kutawadha tu.

Seremala_Kuze: Dada, kisima ndicho ungetangulia kukitaja! Chini yetu ni jiwe la matumbawe, limejaa matundu. Sumu ya sakafuni itashuka majini, na kutawadha ni pamoja na kusukutua. Tena faida haina. Mchwa wa mbao kavu hahitaji ardhi, kundi zima limo ndani ya boriti. Dawa haipandi ukuta kumfuata. Majirani huenda walikuwa na wa ardhini.

Randa79: Uzi huu wa kutunga. Kajiunga jana, picha hakuna, kisima kimetokea katikati ya hadithi. Sasa hivi atakuja mtu na namba ya simu auze dawa.

ChokaaNaBoriti: Basi tumuulize. Dada, weka punje kwenye sahani nyeupe, umulike tochi. Zina umbo gani? Mbawa je?

Mkaazi_Kibokoni: Wallahi situngi. Punje hazifiki milimita 1, zina pande sita, kila upande umebonyea kidogo. Nyingine rangi ya mchanga, nyingine ya kahawa. Mbawa zote urefu mmoja.

Randa79: Niwie radhi. Pande sita ni huyo huyo mchwa wa mbao kavu. Na mbawa si za sisimizi: zake za mbele huwa ndefu kuliko za nyuma.

Mkaazi_Kibokoni: Shukran. Lakini pesa nishatoa, na fundi nitamwambiaje?

Seremala_Kuze: Mwambie abadilishe kazi, ahamie juu. Gonga kila boriti kwa mpini wa bisibisi, kila sentimita 10, utie alama ya chaki panapolia wazi. Hapo atoboe tundu la milimita 3 au 4, apige dawa kwa sindano mpaka itokee tundu la pili, kisha azibe. Akitaka pia kupaka juu ya mbao dawa yenye boroni, hiyo haipenyi rangi wala vanishi, kwa hiyo akwangue kwanza. Baadaye fagia, tandika karatasi nyeusi, kagua baada ya siku 7. Punje chache zaweza kuanguka hata mchwa wakishakufa, maana mtikisiko huzimwaga. Zikizidi wiki hadi wiki, bado wamo.

Mkaazi_Kibokoni: Nimegonga. Boriti ya tatu kutoka mlangoni, pale inapoingia ukutani, bisibisi imezama mpaka mpini.

Seremala_Kuze: Hiyo usiitoboe. Kichwa cha boriti ndicho kinachokalia ukuta. Isimamishiwe nguzo kwanza, na kabla ya kuibadilisha uliza ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale. Chini yake kuna nini?

Mkaazi_Kibokoni: Kitanda cha mtoto.

Seremala_Kuze: Kihamishe sasa hivi, kabla hujanijibu.