Msisingizie projekta yangu, slaidi zenu ndo mbovu!!

Salaam aleikum jamani. Uzi mrefu huu na nauandika na hasira, mwenye kutaka asome, asiyetaka apite, lakini mie nshafika hapa shingoni.

Kazi yangu ni kukodisha vyombo. Projekta, skrini, spika, maiki, halafu nakaa pale nyuma na waya zangu mpaka shughuli iishe. Nshafanya harusi, semina, mahafali, kutoka Kisauni mpaka ng'ambo Likoni. Na kila mwezi lazima nisikie mtu kwa maiki akisema "mtuwie radhi, mitambo yatusumbua". Mitambo haijamsumbua mtu! Wewe ndo umekuja na ripoti umeikata ukaibandika ukutani, ukashindwa kueleweka, lawama ukamwekea mtu wa vyombo.

Sasa juzi. Nimeitwa kwa mkutano wa kutoa maoni, mradi wa kukarabati diko moja, pale mashua za wavuvi zafikia, hapa hapa Mombasa, ofisi iliyouitisha siitaji. Wavuvi wamekuja, kina mama karanga, wale wakaanga samaki wakauza, wazee wa mtaa, na vijana viziwi kama wanne wamewekwa viti vya mbele pamoja na mkalimani wao wa lugha ya ishara. Mie nimefika saa moja asubuhi, nikaomba faili niijaribu, nikaambiwa mtaalamu yuaja nayo. Mkutano ulikuwa saa tatu. Mtaalamu kaingia saa tano kasoro na flashi mkononi, hakuna cha kujaribu tena hapo, ni kuchomeka na kuanza.

Slaidi 47. Nimezihesabu. Zote Kizungu, herufi ndogo kama za risiti, rangi ya kijivu juu ya buluu. Mie nimesimama nyuma ya ukumbi na macho yangu ni mazima, sikusoma hata mstari mmoja, seuze mzee wa miaka 70 aliyetoka baharini alfajiri. Na jamaa mwenyewe kageukia ukuta, kawapa watu mgongo, maiki kaishika karibu na tumbo, asoma neno kwa neno yale yale yaliyoandikwa. Kulikuwa na video pia, lakini aliweka linki tu na ukumbini hakuna intaneti, tukakaa dakika kumi twaangalia kiduara chazunguka.

Halafu ndo akanipigia kelele mbele ya watu wote, "mtu wa mitambo ongeza mwanga!" Projekta ni lumeni 3500, hicho ndo kipimo cha mwanga wake, na ule ukumbi una madirisha wazi pande zote mbili, saa tano mchana, jua la Mombasa mwalijua. Nikamwambia mwanga umefika mwisho bosi. Basi wakaziba madirisha kwa turubai na taa zikazimwa, joto likawa la kufa mtu, na yule mkalimani akabaki gizani apiga ishara zake na wale vijana hawamuoni. Nikaenda nikawasha taa moja tu, ile iliyo juu ya kichwa chake. Nikaambiwa zima, picha haionekani. Nikazima. Hilo laniuma mpaka sasa hivi ninavyoandika, sikufaa kuizima.

Ikaja ramani. Mama mmoja karanga akainua mkono akauliza, "mwanangu, hiyo buluu yote ndo bahari?" Akajibiwa maswali ni mwisho. Mwisho ulipofika chakula kishaletwa, karatasi ya mahudhurio yazungushwa, watu wakatia sahihi wakaenda zao.

Usiku nafuta mafaili kwa laptopu nikaikuta ile, nikaifungua polepole. Slaidi ya 41. Kule pembeni chini kuna kisanduku kidogo chaeleza rangi. Buluu hafifu ndo bahari. Buluu iliyokoza ni eneo litakalozungushiwa ukuta wakati wa ujenzi, miezi 18!! Yani pale pale mashua zavutwa juu na kina mama wakaangia samaki. Buluu mbili ubavu kwa ubavu, na ukutani kwa mwanga ule zilikuwa buluu moja. Watu mia na ushee wamekaa mbele ya ukuta utakaowafungia riziki yao wao waona maji.

Msiseme nakuza jambo. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirudi tarehe 1 Februari 2003 na watu 7 ndani, wote wakafa. Kilipokuwa bado juu, wahandisi walieleza kwa slaidi habari ya kipande cha povu kilichobanduka kwa tangi la mafuta kikagonga bawa, na tume iliyochunguza ajali ikaitaja slaidi moja hasa: kichwa chake chatuliza moyo, na neno lenyewe zito, kwamba kipande kile kilikuwa kikubwa mara 640 ya kile cha majaribio, yani majaribio yale hayakutosha kumtuliza mtu, liko mstari wa mwisho kabisa kule chini. Tume ikasema mkubwa akiisoma slaidi ile ni rahisi asitambue kuwa ni jambo la kuua watu. Hao ni watu wa roketi, na bado slaidi iliwaficha.

Na asije mtu hapa kuniambia "wananchi hawajasoma". Nshamuona dada wa afya ya jamii kule Majengo na kadi zake za picha tu, hana umeme hana nini, awafundisha kina mama kumchanganyia mtoto mwenye kuhara maji ya chumvi na sukari, na kila mmoja akarudia vipimo bila kukosea. Hii ya diko ilitaka nini? Upige picha ya diko lenyewe kwa simu, uchore mstari mwekundu pale ukuta utakapopita, uandike UKUTA, MIEZI 18, kwa herufi ambazo mtu wa kiti cha mwisho azisoma, kisha uwageukie watu uwaambie kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 7 yasema Kiswahili ndo lugha ya taifa na ni lugha rasmi pia, na hapo hapo yaitaka serikali ikuze lugha ya ishara. Kwa hivyo ile taa niliyoambiwa nizime ilikuwa haki ya wale vijana.

Jana nimekwenda dikoni na ile ramani kwenye simu. Yule mama aliyeuliza alikuwa amekaa na karai lake, akaiangalia, nikamkuzia picha, akaweka kidole juu ya ile buluu iliyokoza. "Hapa ndo nilipokaa mimi." Hakusema lingine, akageuza samaki wake.

Ofisi imenipigia tena, wataka vyombo kwa mkutano wa mtaa mwingine. Nimewaambia faili nipewe siku moja kabla na taa ya mkalimani haizimwi, la sivyo watafute mtu mwingine. Hawajajibu. Mwenye kujua barua ya kutaka mkutano wa diko urudiwe yapelekwa wapi aniandikie hapa, mwenyekiti wa wavuvi na yule mama wako tayari kutia sahihi, na ile ramani nshaichapisha kubwa kwa pesa yangu, ukuta nimeupaka wino mwekundu.