Mitumba na AGOA: kwa nini Rwanda haikuishitaki Marekani kule WTO?

MamaMabelo_Karume

Wakuu, habari za leo. Mimi nauza mitumba pale Karume, Ilala. Tangu juzi nyumbani ni ubishi na mwanangu anayesoma sheria chuoni, naomba mtusaidie.

Mnakumbuka Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki walikutana Arusha wakasema mitumba ikome kabisa ifikapo 2019. Sisi wenye vizimba tulipata presha. Ushuru ukapandishwa, belo likapanda, wateja wakapungua. Na belo lenyewe ni bahati nasibu: unalifungua unakuta nusu ni makoti ya baridi ya Ulaya, nani atayavaa Dar es Salaam? Baadaye tukasikia Marekani imekuja juu, Kenya imejitoa, sisi na Uganda tumelegeza, Rwanda imebaki peke yake na ikaadhibiwa kupitia AGOA, ile nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Afrika zinazoingia Marekani.

Mwanangu anasema Rwanda ilionewa, na ingekwenda WTO, Shirika la Biashara Duniani, ingeshinda mchana kweupe. Mimi naona kama ingekuwa rahisi hivyo wangeshakwenda. Je, ingewezekana kushitaki? Na sisi Tanzania tulirudi nyuma kwa sababu gani? Naomba mwenye kuijua sheria, siasa tuziache pembeni.

Mdau_Tabata

Mama, Marekani haishitakiki. Mwenye nguvu mpishe. Endelea na biashara yako.

Wakili_Forodha

Mama, shikamoo. Mimi ni wakili, nipo Arusha, kazi yangu ya kila siku ni forodha na mikataba ya biashara. Hili suala lako nimelifuatilia tangu mwanzo na bado linaniuma, kwa hiyo nivumilie nikiandika marefu.

Nianze na mdau hapo juu. Marekani inashitakiwa sana. Tangu WTO ianze mwaka 1995 imeshitakiwa zaidi ya mara 150. Costa Rica, nchi ndogo isiyo hata na jeshi, iliishitaki kuhusu vikwazo vya kuingiza chupi za pamba, na mwaka 1997 ikashinda mpaka kwenye rufaa. Kwa hiyo ukubwa wa Marekani hautoshi kuwa jibu.

Jibu liko kwenye aina ya haki aliyokuwa nayo Mnyarwanda. AGOA ni sheria ya Bunge la Marekani. Rais Clinton aliisaini Mei 2000, na hakuna nchi ya Afrika iliyoweka sahihi yake popote. Marekani peke yake iliamua kwamba bidhaa fulani kutoka nchi fulani za Afrika ziingie bila ushuru, na ndani ya sheria hiyo hiyo ikaandika masharti. Kifungu cha 104 kinataka nchi iwe imeondoa, au iwe inaendelea kupiga hatua ya kuondoa, vikwazo dhidi ya biashara na uwekezaji wa Marekani. Soma sharti hilo taratibu, mama. Anayepima kama umepiga hatua ni Rais wa Marekani mwenyewe. Ni kama kulima shamba la jirani kwa ruhusa yake: akisema basi, huna hati ya kupeleka mahakamani.

Mwaka 2015 sheria ilipoongezwa muda wa miaka kumi, waliongeza utaratibu mwingine ambao wengi wetu huku hatukuutilia maanani. Mtu yeyote mwenye maslahi anaruhusiwa kuomba nchi fulani ichunguzwe wakati wowote, bila kusubiri tathmini ya kila mwaka. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani, SMART, kilipita mlango huo huo. Kilidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Kenya ilikwisha kuahidi kutopandisha ushuru, ikaachwa nje ya uchunguzi. Zikabaki Tanzania, Uganda na Rwanda. Julai 2017 hoja zikasikilizwa Washington.

Rwanda ilikuwa imepandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na viatu hadi dola 5. Haikushuka. Rais Kagame alisema hadharani kwamba wakilazimishwa kuchagua, watachagua viwanda vyao. Machi 2018 wakapewa notisi ya siku 60, na tarehe 30 Julai 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye AGOA. Nguo tu. Bidhaa zao nyingine zilibaki.

Sasa mwanao anaposema Rwanda ilionewa, tutenganishe mambo. Kupandisha ushuru wa mitumba kulikuwa ni haki yao, na hakuna aliyewashitaki WTO kwa kufanya hivyo, Marekani ikiwemo. Kijana yuko sahihi hapo. Lakini kuondolewa kwenye AGOA ni jambo jingine. Sheria ya WTO inataka kila mwanachama apewe kile anachopewa anayependelewa zaidi. AGOA inapendelea Afrika peke yake, kwa hiyo wakati huo iliishi kwa msamaha maalumu wa kanuni hiyo, ambao wanachama wa WTO waliupitisha mwaka 2009 na kuuongeza tena mwaka 2015. Ungekwenda Geneva, makao ya WTO, kuishambulia AGOA, ungeushambulia msamaha ambao Lesotho, Kenya, Madagascar na wewe mwenyewe mliutegemea.

Na tuseme umeshinda. Utapata nini? India iliushitaki Umoja wa Ulaya kwa sababu Ulaya iliwapa nafuu ya ziada ya ushuru nchi 12 kwa kigezo cha kupambana na dawa za kulevya, Pakistan ikiwemo, na India ikaachwa. Aprili 2004 Chombo cha Rufaa cha WTO kilikubaliana na India kwamba nchi zenye hali inayofanana zipewe nafuu inayofanana. Ulaya ikatii: ikafuta mpango ule, na mwaka 2005 ikaleta mwingine wenye vigezo vipya. India haikuingia. Pakistan nayo ikabaki nje, ikaja kuingia Januari 2014. Aliyeshinda hakupata kitu, na jirani yake akapoteza alichokuwa nacho. Mteja wangu akiniuliza kuhusu kesi ya namna hiyo, namwambia asitumie hela yake.

Kuhusu Tanzania kurudi nyuma. Rwanda ilichoweka rehani ni nguo za dola milioni 1.5 hivi kwa mwaka, takriban asilimia 3 ya mauzo yake yote Marekani. Inauma, lakini inabebeka. Kenya ilikuwa na mauzo ya nguo ya mamia ya milioni ya dola na maelfu ya mafundi cherehani wanaoyategemea. Tanzania na Uganda tulikuwa na kidogo, lakini tulikuwa na matumaini ya viwanda vipya. Kila mmoja alipiga hesabu yake ya mfukoni. Mimi sina ugomvi na hesabu zenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba uamuzi ulikuwa mmoja, umefanyika hapa Arusha, chini ya umoja wa forodha tuliousaini mwaka 2004, kisha shinikizo lilipokuja kila mtu akajibu kwa barua yake. Jumuiya yenye ushuru wa pamoja ilipaswa kukaa mezani na Marekani ikiwa na kauli moja: hiki tunapunguza, hiki hatupunguzi, na ukimtoa mmoja utazungumza na sisi sote. Pengine tungepata muda mrefu wa mpito. Hatukujaribu, na mwenzetu tukamwacha alipe peke yake.

Suruali_AthiRiver

Wakili, asante sana. Mimi ni msimamizi wa laini ya kushona suruali kwenye kiwanda kimoja EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River. Nyinyi mnaongea sheria, sisi tunaona vitu kwa oda. Mwaka 2025 tulipokaribia tarehe 30 Septemba, siku ambayo AGOA ilikuwa inaisha, buyer wetu mmoja alianza kupunguza oda miezi kadhaa kabla. Ikifika mwezi wa nane anatuambia tupunguze bei ya kila suruali, eti ushuru ukirudi si yeye atabeba. Sasa hiyo ni haki kweli? Si ushuru unalipwa na mwenye kuingiza mzigo?

Wakili_Forodha

Pole sana ndugu yangu. Nikujibu kwa namba, maana hapa namba ndizo zinazosema.

Kama mnauza kwa masharti ya FOB Mombasa, kazi yenu kisheria inaisha mzigo ukishapakiwa melini. Anayetoa mzigo forodhani Marekani ni buyer, na ushuru ni wake. Kwa hiyo kisheria uko sawa. Lakini tazama anavyoona yeye. Suruali ya pamba bila AGOA inatozwa asilimia 16.6. Marekani hukokotoa ushuru kwenye bei ya FOB, nauli ya meli haihesabiwi. Suruali ya dola 6 inabeba takriban dola moja ya ushuru. Fulana ya nyuzi za sintetiki ni asilimia 32, kwa hiyo mwenye fulana hizo hali yake ni mbaya zaidi yako. Buyer anajua dola ile ataitoa yeye, ndiyo maana anataka kuirudisha kwenu kupitia bei kabla hata haijatozwa.

Swali la kumuuliza mwajiri wako ni hili: mkataba unasemaje iwapo nafuu ya AGOA itaondoka oda ikiwa imeshakatwa na kushonwa? Mikataba mingi niliyoletewa mezani haikusema lolote. Ina kipengele kirefu cha kuchelewesha mzigo, ina faini ya zipu mbovu, lakini juu ya ushuru kubadilika kuna ukimya. Mkataba ukinyamaza, mwenye nguvu ndiye anayeamua, na mwenye nguvu ni yule anayetoa oda inayofuata. Sentensi chache zingetosha: ushuru ukiongezeka baada ya oda kuthibitishwa, pande mbili zinagawana kwa kiwango hiki, na kitambaa kilichokwisha kukatwa kinalipiwa. Wakati wa kuidai ni siku ya kusaini, maana siku hiyo buyer bado anakuhitaji.

Na usisahau kwamba hata kabla ya tarehe hiyo ya kuisha, Aprili 2025 Rais Trump alitangaza nyongeza ya asilimia 10 juu ya bidhaa za Kenya na Tanzania. Nguo zenu ziliguswa AGOA ikiwa haijafutwa hata nukta moja.

Kijana_wa_Sheria

Shikamoo wakili. Mimi ndiye yule mwana wa Mama Mabelo, ameniita nijionee. Hoja ya India nimeielewa, nakubali. Lakini sasa naona tunaambiwa tukae kimya tu. Tukidai mkataba unaobana kama EPA, ule mkataba wa biashara wa Kenya na Ulaya, si ndiyo dawa? Halafu nasikia WTO yenyewe haina tena rufaa, kwa hiyo hata mkataba unasaidia nini?

Wakili_Forodha

Marahaba kijana. Umeuliza vizuri.

Rufaa ya WTO imekwama tangu Desemba 2019. Shauri moja linahitaji wajumbe watatu, Marekani ilikataa uteuzi wa wapya, na akabaki mmoja. Wa mwisho alimaliza muda wake Novemba 2020. Anayeshindwa leo kwenye jopo, yaani hatua ya kwanza ya kesi, anaweza kukata rufaa ambayo haitasikilizwa, na kesi inaning'inia hapo. Baadhi ya wanachama wameanzisha utaratibu wao wa usuluhishi wa muda ili kuziba pengo, lakini Marekani haimo. Kwa hiyo hata kama Rwanda ingekuwa na hoja ya chuma, ingeshika hukumu bila mwisho.

Kuhusu mkataba unaobana, ndiyo, nauona bora, lakini una bei. Ulaya ilipoweka tarehe ya mwisho ya 1 Oktoba 2014 na majadiliano ya EPA yakawa hayajakamilika, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru Ulaya, ikawa hivyo mpaka karibu na Krismasi. Maua ya Tanzania hayakuguswa, kwa sababu sisi tuko kwenye kundi la nchi maskini zaidi na Ulaya inatuachia tuingize kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Ndiyo maana ilisaini peke yake Desemba 2023, na mkataba ukaanza kazi Julai 2024. Kwa malipo hayo imekubali kufungua soko lake kwa bidhaa nyingi za Ulaya hatua kwa hatua ndani ya miaka 25, lakini sasa ina sura nzima ya utatuzi wa migogoro. Ulaya haiwezi kuamka Jumatatu ikaghairi.

Sisi Tanzania tulikataa kuisaini EPA, na sababu za kulinda viwanda vichanga nazielewa na nyingine naziunga mkono. Ninachokataa ni kufikiri kwamba tulichonacho Ulaya ni haki. Nacho ni cha hisani. Siku Tanzania itakapotoka kwenye kundi la nchi maskini zaidi, tutapewa miaka mitatu ya mpito na kisha tutakuwa mahali alipokuwa Mkenya mwaka 2014. Majadiliano ya siku hiyo yanapaswa kuanza sasa, tukiwa bado hatuna haraka.

Jambo la mwisho kwako wewe unayesoma. Geneva kuna Kituo cha Ushauri wa Sheria za WTO, ACWL, kilichoanzishwa mwaka 2001. Nchi kama Tanzania inapata maoni ya kisheria pale bila malipo. Serikali ndiyo inayouliza, mfanyabiashara mmoja mmoja hawezi, lakini chama cha wafanyabiashara kinaweza kuiandikia Wizara ya Viwanda na Biashara na kuisukuma iulize. Mama na wenzake wa Karume wakiandika barua kabla ya bajeti ya Juni, yenye takwimu za belo, ajira na ushuru waliolipa, nipo tayari kuipitia bure. Tupia rasimu hapa hapa.

MamaMabelo_Karume

Wakili, Mungu akuzidishie. Risiti za forodha za wale wanaotuuzia kwa jumla nitaomba kesho. Uandike umeahidi, wenzangu wa kizimba wameshasoma.