Mnaokata skeli na ufunguo kwenye ramani za Mystara, mnatuharibia gemu!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kuna mwenzetu amechukua ramani iliyochorwa na mashabiki ya Karameikos, nchi mojawapo ya Mystara, ulimwengu wa kubuni wa gemu letu, akakata ukingo wote wa chini, akaipandisha upya eti "toleo safi". Na watu mnamshangilia! Usafi gani huo? Kwenye ukingo ule ndiko kulikokuwa na skeli, ufunguo wa rangi na maelezo ya kila kitu kilikotoka.

Kwa wageni: ramani ya kwanza ya ulimwengu huu wa gemu la kuigiza wahusika la Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1981, heksi moja (kile kichumba cha pembe sita cha kupimia umbali) ikiwa na upana wa maili 24. Kuanzia 1987 vikaja vitabu vya nchi moja moja, Karameikos ikitangulia, na humo heksi ni maili 8. Maana yake heksi moja ya kale inameza tisa za sasa. Na kwa kanuni za enzi hizo, mtu asiyeelemewa na mzigo hutembea maili 24 kwa siku kwenye tambarare. Akiingia msituni zinabaki 16, akipanda milima 12. Yaani bila skeli hujui kama heksi iliyo mbele yako ni mwendo wa siku nzima au wa kabla ya jua la utosi.

Kundi langu lilipakua hiyo "safi", likadhani heksi ni za maili 24. Wakanunua nyumbu na posho ya wiki nzima kwa safari ya siku mbili na kitu. Kikao kizima kikaishia kwenye ubishi wa nani alipe nyumbu.

Hilo ningelimeza. Kinachonikera kupita kiasi ni rangi. Mchoraji wa awali aliweka wino mweusi kwa vilivyomo vitabuni na buluu hafifu kwa alivyokisia mwenyewe ili kujaza nafasi. Kuna kijito kimoja cha buluu kinachoshuka vilimani, na pembeni yake alikuwa ameandika kabisa "makisio". Bwana Safi akapaka vyote rangi moja. Aliyefuata akanakili, akakipa kijito jina. Wa tatu akajenga mji kwenye kingo zake. Sasa wachezaji wananibishia kwamba huo ni mto rasmi na mimi ndiye sijasoma! Mto wenyewe unagawanyika mara mbili huko huko mlimani, kila tawi likishika njia yake hadi baharini. Maji ya wapi hayo?

Ncha za dunia siziguzi, maana Mystara ni tufe lenye tundu kila ncha, na ndani kuna ulimwengu mwingine na jua lake. Kulaza heksi bapa juu ya kitu kama hicho ni kesi ya uzi mwingine.

Na msiniletee "ni gemu tu". TSR, kampuni iliyokuwa ikichapisha gemu hili, ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na kazi ya kuijaza ramani hii kwa sehemu kubwa imebaki kwetu mashabiki. Tukichanganya cha kitabuni na cha kukisia, nani atakuja kutuchambulia?

Kwa hiyo wewe uliyeipandisha: rudisha faili la mwanzo na tabaka zake zote, jina la mchoraji likiwemo. Ukishindwa, badilisha kichwa uandike "pambo", tujue tunapakua nini.