Rush au Be-go: nichukue ipi?

Mgosi wa Milimani
Wakuu habari zenu. Nataka kuagiza gari Japani na nimebaki na mbili, Toyota Rush na Daihatsu Be-go. Nikitazama picha naona gari moja lenye nembo tofauti, ila Be-go nimeipata kwa bei nafuu. Mke wangu hataki kusikia, anasema Toyota ni Toyota. Natakiwa kulipia wiki hii. Ushauri tafadhali.

Fundi Temeke
Mkuu, umeuliza nusu. Za mwaka gani? 4WD, yaani inayosukuma magurudumu yote manne, au inayosukuma nyuma peke yake? Otomatiki au gia za mkono? Unaishi wapi, na mfuko ukoje? Usiposema hayo, kila mtu atakushauri gari lake mwenyewe.

Chasisi Moja
Ni gari moja hilo. Aliyelitengeneza ni Daihatsu, likaanza kuuzwa Japani mwaka 2006 kwa majina hayo mawili, na nje likaitwa Terios. Injini zote ni 3SZ-VE ya cc 1495, ileile ya Toyota Avanza 1.5 za wakati huo, kwa hiyo spea za injini hazikusumbui. Hata Cami tuliyoizoea ilikuwa Terios ya zamani iliyovishwa nembo ya Toyota. Chukua Be-go, chenji inayobaki nunua matairi mazuri.

Mama Nasoro
Chasisi, nembo ni hela. Nilinunua "Rush" kwenye yadi moja hapa Dar. Mbele nembo ya Toyota, usukani Toyota, nyuma imeandikwa Rush, nikalipa bei ya Rush. Kadi ya gari ilipotoka, imeandikwa Daihatsu. Nikarudi yadi, yule kijana akanijibu kwamba ni kitu kilekile, hata mafundi hawatofautishi. Nikamwambia kama ni kitu kilekile, basi nirudishie tofauti ya bei. Sikupata hata mia.

Gari lenyewe silisemi vibaya, nimekwenda nalo Tanga mara nyingi na halikuwahi kunilaza njiani. Kazi ilikuwa kwenye kuliuza. Mteja anakuja, analizunguka, anawasha, anasifia injini. Akishika kadi tu, sura inabadilika. Mmoja aliniuliza waziwazi kama gari ni la wizi, kwa sababu nembo na kadi haviendani. Nikaliachia kwa bei ya kuumiza. Kwa hiyo, baba, kabla hujalipa soma namba ya chasisi. Rush inaanza na J200E au J210E, Be-go ni J200G au J210G. Yenye 210 ndiyo 4WD.

Chasisi Moja
Pole sana mama, lakini hapo kosa ni la yadi, Be-go haijakukosea. Ungeinunua kwa bei yake na jina lake usingepoteza kitu.

Nakuru Boy
Hapa Kenya gari likipitisha miaka minane haliingii, kwa hivyo Be-go utapata za mkononi pekee. Na Rush mpya inayouzwa Nairobi hutoka Indonesia, haina 4WD kabisa. Mimi ningewasahau hao mapacha wote nichukue Suzuki Escudo ya zamani. Iko na 4WD yenye gia ya chini ya kutokea kwenye tope na milima, na sura yake ni yake, haijaazimwa kwa mtu.

Fundi Temeke
Escudo ya 2.4 imevuka cc 2000, huku kwetu Tanzania ushuru wa bidhaa unapanda. Na gari likizidi miaka kumi kuna ushuru wa uchakavu juu yake. Tusimwongezee mzigo, bado hata bajeti hajasema.

Mgosi wa Milimani
Samahani wakuu. Nipo Lushoto, napanda Mlalo kila wiki, masika ni utelezi mtupu. Mfuko ni milioni 20 pamoja na ushuru. Zote ni za 2008, otomatiki. Kuhusu 4WD, tangazo la Rush halijasema.

Fundi Temeke
Sasa tunaongea. Kwa Mlalo masika, usilipie kabla hujaona J210. Rush ya J200E itakulaza kwenye tope na nembo yake mbele.

Mrembo wa Bodi
Mnaongea kama nembo ni bati tu. Toyota Harrier ilipotoka 1997 ilibeba mbele nembo ya ndege aliyeipa jina, aina ya mwewe, na nje ya Japani gari hilohilo likawa Lexus RX. Toyota walijua mtu anaponunua gari ananunua na jina lake.

Chasisi Moja
Umenisaidia hoja. Chasisi yake ilitoka kwenye Camry, na hakuna anayeidharau Harrier kwa hilo.

Mrembo wa Bodi
Kwa sababu waliichora upya, haifanani na Camry hata kidogo. Rush na Be-go wamebadilisha nini? Bampa na grili? Huo ni uvivu. Na Toyota Starlet ya 2020 ndiyo imenikatisha tamaa kabisa, Suzuki Baleno kutoka India imepewa jina ambalo watu wa Starlet tunalipenda.

Nakuru Boy
Starlet hiyo dada yangu anayo na anaipenda sana. Mafuta inanusa tu.

Mrembo wa Bodi
Sijasema ni mbovu. Nimesema si Starlet.

Mama Nasoro
Mgosi, umeshapata namba ya chasisi ya hiyo Rush?

Mtu wa Usa River
Mwenye J210G anayeiuza Arusha au Moshi, kadi iwe jina lake, anitumie ujumbe.