Wavu wa fensi ya Bibi

Mjomba Side: Habari za jioni ndugu zangu, fundi wa fensi ya kwa Bibi Chanika kaleta hesabu, anasema wavu mita 270 na nguzo 90, naomba tuanze kuchanga leo leo msingoje mwisho wa mwezi

Mwajuma: 270?? kwani Bibi anazungushia uwanja wa mpira 😂

Rama: mjomba kiwanja si ni 18 kwa 15?

Mjomba Side: Hicho hicho, tulipima na tepu mimi na wewe

Rama: basi fundi kazidisha, 18 mara 15 ndo hiyo 270 yake, hilo ni eneo, yani angekuwa anamwaga zege kiwanja kizima sawa. Fensi inapita pembeni tu, unajumlisha pande, 18 na 15 ni 33, mara mbili 66, toa geti mita 3 inabaki 63 basi

Mamdogo Zuhura: Labda kapiga ya seng'enge, si inapita mistari minne

Rama: 66 mara 4 ni 264 mamdogo, kweli inakaribia, ndo maana hakuna aliyeshtuka. Ila wavu unazunguka mara moja

Mwajuma: Shkamooni wote ni Zai natumia simu ya mama, huo ni mzingo wa mstatili tumefanya juzi

Mjomba Side: Marahaba mwanangu. Na nguzo je, kila mita 3

Rama: 66 gawa kwa 3, 22

Mamdogo Zuhura: Sio 23? Ile ya mwanzo huwa inasahaulika

Rama: 23 ingekuwa fensi imenyooka tu, hii inazunguka inarudi kwenye nguzo ile ile ya kwanza. Na geti linakaa kati ya nguzo mbili humo humo

Bibi: Na kuku wangu

Mjomba Side: Mama kuku tutawawekea kaduara kenye kipenyo cha mita 7

Mwajuma: 7 mara 22 gawa kwa 7 ni mita 22! Na duara ni nzuri bibi, wavu huo huo ukifanya mraba kila upande 5.5 unapata mita za mraba 30 na kidogo, duara inafika 38 na nusu (bado ni Zai)

Mjomba Side: Kwahiyo 63 na 22, mita 85 jumla. Ngoja nimpigie fundi

Mamdogo Zuhura: Mwambie taratibu kaka, ni mkwe wa jirani yule